Hotipoti ya Bi Kidawa

Tausi msusi alitoka chumba cha vipimo kama aliyetiwa pamba masikioni. Alikuwa ameambiwa ana virusi, akaitikia "haya," kama mtu aliyetajiwa bei ya nyanya. Kilichobaki ni kuvuka ua hadi mlango wa bluu wanakoanzishiwa dawa, na ua wenyewe ulijaa akina mama waliokuja kupima watoto uzito, nusu yao wateja wake.

"Shika hii," alisema Bi Kidawa, ambaye kazi yake ni kuwasindikiza walioambiwa leo, na dawa hizo naye anazimeza. Akampa hotipoti tupu. "Mwenye hotipoti haulizwi anaumwa nini. Anaulizwa anamuuguza nani. Twende, na ucheke nikikusimulia."

Akaanza umbea wa shemeji yake aliyejificha kwenye pipa la maji akimkwepa mkewe. Tausi hakucheka. Miguu ilikwenda tu.

Katikati ya ua Mama Shani akapayuka kutoka kwenye benchi: "We Tausi! Jumamosi nakuja kusuka, usinikimbie! Unampelekea nani chakula?"

Bi Kidawa alifungua mdomo amjibie, Tausi akamuwahi.

"Ndugu yangu. Amepokelewa leo hii."

"Maskini! Mpe pole. Mwambie ale, asijiachie."

"Nitamwambia."

Mlangoni Bi Kidawa alinyoosha mkono apokee hotipoti yake. Tausi hakuiachia. Aliikumbatia kifuani, akausukuma mlango kwa bega.