Okidi ya Shekue

Shekue, kijana mrefu, alipoingia msituni asirudi, watu walikaa matanga bila maiti. Mama yake hakuwa na cha kuzika isipokuwa okidi, ua la msituni, ambayo mwanawe alimletea mara ya mwisho, ikiwa imeng'ang'ania gome la mti. Akaing'oa, akaifukia ndani ya sufuria kuukuu. Kila Ijumaa aliikuta mizizi imechomoza juu ya udongo, myeupe kama vidole. Kila Ijumaa aliifukia tena.

“Lala, mwanangu,” alisema.

Siku moja jirani yake, Mama Hoza, alikuja kuomba chumvi, akamkuta mikono imejaa udongo.

“Shoga, mbona unaliua? Ua hili halizikwi. Mizizi yake inakunywa hewani.”

“Hivi haijafa?”

“Ife wapi! Inatafuta pa kushika.”

Mama Shekue aliifukua kwa kucha zake, akaiosha, akaifunga kwenye kigogo kwa kipande cha kanga, akaitundika juu ya mlango. Jioni alipakua sahani mbili.

Hapakuwa na upepo. Alipoinua macho, okidi ilikuwa ikibembea, kama iliyoguswa na bega la mtu mrefu anayeingia ndani.