Popo Hashindi

Popo alirushwa nje ya kamba za ulingo, akaangukia miguuni pa mama yake mzazi.

"Mrudisheni huyo mdudu akapigwe!" mama akapaza sauti, na safu nzima ya mbele ikaangua kicheko.

Popo hakuogopa kutambuliwa. Kinyago cheusi kilimfunika kuanzia utosini mpaka shingoni, na nyumbani alishasema kwamba kazi yake ukumbini ni kupanga viti tu. Mama alikuwa fundi cherehani wa kuheshimika mtaani. Mwana wa kupigwa ili watu wacheke, angemweka wapi?

Alianza mieleka akiwa kijana mwenye kifua kama mlango, akiuota mkanda wa ubingwa. Promota alimtazama usoni, akatikisa kichwa.

"Sura yako haipendeki. Vaa hiki."

Tangu siku hiyo akawa Popo, mtu mbaya wa kila pambano. Anang'ata, anamtia refarii kidole jichoni, kisha anachakazwa na Radi, kipenzi cha watu. Mshindi hupangwa chumbani kabla ya kengele. Maumivu hayapangwi. Mbao za ulingoni ni mbao kweli.

Kila Jumamosi jioni alirudi nyumbani amepinda.

"Viti vimeniangukia, mama."

"Hivyo viti vina kisa na wewe," mama alijibu, akimkanda shingo kwa maji ya moto. "Lakini ungemwona Popo alivyopigwa leo! Nimezomea mpaka koo limenikauka."

Mwanawe alicheka, uso ameuelekeza ukutani.

Miaka ikapita hivyo. Vidole vikaanza kufa ganzi. Kifungo cha shati kikawa kazi ya asubuhi nzima. Daktari akamwambia shingo imechoka, anguko moja baya litatosha. Akaenda kwa promota.

"Bosi, niache nishinde mara moja tu, kisha niondoke zangu."

"Popo hashindi," promota akasema bila kuinua macho kwenye simu. "Na ukiondoka utafanya kazi gani? Utapanga viti?"

Jumamosi iliyofuata akavaa kinyago.

Radi alimbeba juu ya mabega kama kawaida, akazunguka naye, akamwachia. Popo akashuka vibaya. Kitu shingoni kikalia ko! Refarii akahesabu, kengele ikalia. Popo akajaribu kukunja mguu. Mguu haukuwa wake tena.

Ukumbi ukacheka. "Amka, mwongo wewe!" Radi peke yake ndiye aliyeacha kutabasamu.

Kisha sauti moja ikazipita zote. "Niachieni mimi! Huyu nimalizane naye mwenyewe!"

Mama alikuwa anapanda ulingoni, kiatu mkononi. Watu wakamshangilia kwa miguu na makofi, walinzi wakampisha huku wanacheka. Popo akafumba macho. Ampige anavyotaka, aliomba moyoni. Amtukane. Ila asimvue kinyago.

Mama akapiga magoti. Akakiweka kiatu chini. Akapitisha viganja vyake viwili taratibu chini ya ile shingo, akaishika isitikisike, akainama mpaka midomo ikagusa kitambaa.

"Tulia, baba," akanong'ona. "Ulitaka nisijue, nikajitahidi nisijue."