Kiboko Aliyemfuata Daktari

Palikuwa na bwawa moja, na wanyama waliokunywa maji yake waliumwa matumbo kila masika. Kila walipoumwa, mtungi mzima wa asali, akiba ya watoto, ulikwenda kuwa malipo kwa Daktari Korongo, ng'ambo ya mlima.

Mwaka mmoja maumivu yalizidi. Kiboko, aliyependa kusaidia kuliko wote, akachomoka majini.

"Jikazeni, ndugu zangu! Namfuata daktari mimi mwenyewe, niwaletee dawa!"

Akaubeba mtungi, akaenda. Safari ilikuwa ndefu. Aliporudi na Korongo, alisikia ngoma kabla hajaliona bwawa. Swala anaruka, watoto wanacheza, Nyani anapiga vigelegele!

"Tumepona, Daktari!" Nyani akapaza sauti. "Na dawa hata hatujaionja!"

Korongo, asiyependa maneno mengi, akayatazama maji. Yalikuwa safi, mpaka mchanga wa chini ulionekana.

"Nani hakuwepo siku zote hizi?"

"Mimi!" Kiboko akajibu kwa fahari. "Si nilikufuata wewe?"

"Na haja zako huwa unafanyia wapi?"

Kiboko akaonyesha bwawa kwa pua. "Humu humu."

Korongo akautwaa mtungi mgongoni kwa Kiboko, akamkabidhi Nyani bila kuufungua. Kisha akamwambia Kiboko, "Hamia kule chini, maji yanakopita yakishatoka bwawani."

Kiboko hakungoja kuambiwa tena. Aliteremka mbio akipiga kelele, "Si niliwaambia nitawaletea dawa? Kumbe dawa ni mimi kuhama!"

Na masika yale, kwa mara ya kwanza, asali ililiwa na watoto.