Mke wa Fundi wa Dohani

Buti mbili tu ndizo zilizoonekana, zikining'inia ndani ya dohani, na moja ilikuwa imeacha kutikisika.

Mama Pasi alikuwa amelala kifudifudi kwenye sakafu ya duka la kufulia nguo, mkono wake wote umezama ndani ya kidirisha cha kusafishia dohani. Alikuwa akichota manyoya ya nguo, yale mavumbi laini ya mataulo yaliyogandamana humo kwa miaka, na kila alipotoa konzi moja, nyingine ilidondoka kutoka juu.

Fundi alikuwa ameingia humo kufunga bomba jipya la bati, la kutoa nje joto na hewa chafu ya mashine za kukaushia. Bomba la zamani, la plastiki, lilikuwa limepasuka, na wiki iliyopita mpiga pasi mmoja alizimia kwa hewa yake. Sasa kamba iliyomshusha kutoka paani ilikatika. Fundi akateleza hadi pale dohani ilipombana kifuani, na bomba jipya likamfuata, likaziba juu yake kama kizibo cha chupa. Hewa yake yote ilibaki kupita kwenye kile kidirisha.

"Mama Pasi, mashine zote umezima?"

"Nimezima, fundi. Bosi yuko juu ya paa na watu, wanakata bomba."

"Basi toa hayo manyoya. Usiache."

Akachota. Vumbi likamwingia puani na machoni. Ghafla bonge zima likamwangukia, likamfunika mkono hadi begani, akahisi dohani inammeza na yeye. Akapiga yowe. Akachomoa mkono, akainuka.

"Siwezi! Siwezi, fundi, utanifia mikononi!"

Akarudi nyuma hadi mlangoni, analia kama mtoto.

 Kisha sauti ikashuka dohanini, laini, kama ya mtu aliye mbali sana.

"Mke wangu? Ni wewe unayelia?"

Mama Pasi akageuka. Hewa chafu imeshampanda kichwani, akawaza. Anaweweseka.

"Mke wangu, mama anakuja leo, na takataka zimejaa mlangoni."

Angemkatalia vipi mtu wa hali ile? Akarudi, akalala chini, akaingiza mkono.

"Ni mimi, baba watoto. Nazitoa."

"Taratibu. Pumua kwanza. Jifunge kitambaa puani, vumbi la nyumba hii baya."

Akavua mtandio, akajifunga. Akachota. Pembeni yake lundo la manyoya likakua kama kondoo aliyelala.

"Umeacha kufagia?"

"Sijaacha! Wewe nawe kwa kufuatilia."

"Si ndiyo maana ulinikubali?"

"Nilikukubali nikiwa na homa."

Kicheko kidogo kikashuka pamoja na vumbi. Baadaye sauti ikawa ya chini zaidi.

"Asubuhi nimeondoka bila kukuaga. Nisamehe."

Mkono wa Mama Pasi ukasimama. Mume wake mwenyewe aliondoka hivyo hivyo, na hakurudi kulisema neno hilo.

"Nimekusamehe," akasema, akashangaa kuona kwamba ni kweli. "Ila ukinifia humo, sikuziki."

Juu bati likalia, likalia tena. Mwanga ukamiminika dohanini. Buti zikapanda pole pole, zikatoweka.

Walipomshusha kutoka paani, walimkalisha juu ya kapu la nguo lililopinduliwa, mweupe kama aliyemwagiwa unga. Mama Pasi akamletea maji, macho chini kwa aibu.

"Fundi, uniwie radhi. Nilijifanya mkeo kwa sababu ulikuwa unaweweseka. Tafadhali usimsimulie nyumbani, atanielewa vibaya."

Fundi akanywa maji yote, akapangusa midomo.

"Mke gani, Mama Pasi? Mimi sijaoa. Nilisikia unakimbia, nikatafuta jina la kukurudisha."