Kisu cha Mkono wa Kushoto

Fundi wa makochi alikuwa amepiga magoti chini ya meza yake ya kazi, akitafuta springi isiyozidi punje ya mchele, na alikuwa akicheka peke yake.

"Baba, kuna nini?" aliuliza binti yake, muuguzi, aliyekuwa ndiyo kwanza anatoka zamu, viatu mkononi.

"Imeruka! Nimefungua kisu, springi ikaruka kama panzi!"

Mezani palikuwa na kisu cha plastiki cha kukatia maboksi, kile ambacho wembe wake husukumwa kwa kidole gumba. Kilikuwa kimelala vipande vipande. Kando yake palikuwa na mguu wa kochi la zamani, mti mgumu, na kipande cha msumeno wa chuma.

"Nataka kutengeneza kama hiki, lakini kizuri," alisema fundi. "Cha dukani ni cha watu wa mkono wa kulia. Huyu wangu ni wa kushoto."

"Huyu wako?"

Fundi akarudi upesi chini ya meza.

Binti hakuhitaji kutafuniwa. Mshonaji wa nyumba ya pili alitumia mkono wa kushoto na alikata nyuzi kwa wembe mtupu. Binti alikuwa amechoka kumfunga bandeji kwenye kidole. Tangu mama afariki, baba alikuwa mtu wa kula, kulala na kupiga misumari. Siku hizi alikuwa anapiga mluzi.

"Ni yule mshonaji, sivyo?"

"Mwanangu, kuna jambo nataka kukwambia..."

"Usiniambie mimi, mwambie yeye!" Binti aliruka juu kama mtoto, viatu vikaanguka.

Akajifunga kanga, akaingia kazini. Yeye alishika mti, baba akachonga mfereji wa wembe kuteleza. Baba alinoa kile kipande cha msumeno kwenye jiwe, akikimwagia maji taratibu, kisipate moto kikapoteza ugumu. Kitufe alikiweka upande ambao gumba la kushoto lingekikuta lenyewe. Mpini akaupiga msasa, akaufumbata, akatikisa kichwa.

"Bado mnene kwa vidole vyake."

"Umevijuaje vidole vyake?"

Fundi akakohoa, akasingizia vumbi la mbao. Kisha akavuta pumzi. "Mwanangu, lile jambo..."

"Baba, yatunze hayo maneno. Utayahitaji huko!"

Jua lilipoanza kupoa, kitufe kikateleza, ta-ta-ta, na wembe ukachungulia nje ya mpini kama ulimi wa mtoto mtundu. Wote wawili wakapiga kelele. Binti akakata gazeti, akakata kitambaa, akakata ngozi ya kochi, mpaka baba akamnyang'anya kabla hajakimaliza kiwanda kizima.

"Haya, vaa shati. Hili hapa. Ee, vifungo vyote vipo! Umejifunza kushona lini?"

Baba alikuwa ameshaanza kutafuta viatu.

Walitoka, binti akimshika mkono asije akageuza njiani. Walipofika, fundi akausukuma mlango.

"Baba! Adabu!" binti alimnong'oneza, akabisha hodi kwa niaba yake.

Mshonaji aliinua macho kutoka kwenye cherehani. Fundi alimpa kisu. Mshonaji akakifumbata kwa mkono wa kushoto. Gumba likakikuta kitufe. Ta-ta-ta. Akakata uzi uliokuwa ukining'inia kwenye gauni, akakigeuza kisu, akakitazama.

Binti akashindwa kusubiri.

"Shangazi, baba yangu ana ombi, ila ulimi umemganda. Mkubalie tu, tafadhali. Nimeomba sana ampate mtu wa kumchekesha tena. Ukiwa wewe, mimi nitafurahi kuliko hata yeye."

Machozi yakamtoka, naye bado anacheka.

Mshonaji akaweka kisu mezani, akavua miwani, akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa. Kisha akamgeukia fundi.

"Umesikia, mume wangu?" akasema. "Na wewe mwezi mzima tangu tuoane unaogopa kumwambia!"