Wapishi Watatu na Mwiko Mmoja

Fisi alikuwa akimwoza binti yake, na wageni wangefika adhuhuri. Nungunungu, mpishi wa pilau, aliona peke yake hatawahi. Akawaita Ngedere mwenye mbio na Kanga mwenye maneno mengi.

"Hapa hakuna bosi," aliwaambia. "Kila mmoja ana amri sawa na mwenzake."

Kazi ikaenda mbio ajabu. Huyu anamenya vitunguu, huyu anachochea moto, huyu anaosha mchele. Kisha wote wakaonja supu, wakaona haina chumvi, na kila mmoja akatia yake bila kumwambia mwenzake. Supu ikamwagwa.

"Mimi nilitia kiganja kimoja tu," alijitetea Ngedere.

"Na mimi kimoja!" alifoka Nungunungu.

"Jamani, mwiko ni mmoja," alisema Kanga. "Atakayeushika ndiye mwenye amri ya chumvi. Akimaliza, ampe mwenzake."

Supu ya pili ikakolea vizuri, mchele ukatiwa, pilau ikaanza kunukia mtaa mzima. Fisi akachungulia jikoni akichekelea.

"Upesi huu sijauona! Mpishi mkuu ni nani, nimpe paja zima?"

"Mimi!" walipiga kelele wote, wakaurukia mwiko. Wakavutana, wakasukumana, na hakuna aliyekumbuka kupunguza moto. Moshi ukatanda.

Fisi akanusa. Kicheko kikamwisha, meno yakabaki nje.

"Hebu niambieni tena, mpishi mkuu ni nani?"

Mwiko ukaanguka chini. Wote watatu walikuwa wameuachia kwa pamoja.