Huduma Zote Zipo Ansakrom

Mzee Bentil alipiga kengele ya stesheni kwa nguvu zake zote, akatega sikio upande wa msitu, kisha akatikisa kichwa.

"Imechelewa kidogo," alisema.

Araba Amissah, ambaye gari la ofisi lilikuwa limemshusha hapo punde tu, aliitazama njia ya reli. Katikati ya vyuma viwili ulisimama mpapai, na mapapai yake yalikuwa yameiva.

Alikuwa ametumwa na makao makuu kuamua kama stesheni ya Ansakrom ibakizwe au ifungwe, vyuma vyake viuzwe kama chakavu. Safari za namna hiyo hupewa mtu anayeuliza maswali mengi mikutanoni, na Araba hakuwa na haja ya kuuliza kwa nini amepewa yeye.

Kabla hajafungua kinywa, mzee alikuwa amekwisha kumwekea kiti na kumletea maji katika kikombe cha bati. Akangoja mpaka mgeni amekunywa, ndipo akasema kwa adabu, kama ilivyo desturi ya kumwuliza mgeni kilichomleta, "Hapa ni shwari. Wewe ndiye mwenye safari."

Araba akaeleza kilichomleta. Lakini yeye hakumwuliza mzee kitu. Anayekupa maji ndiye mwenye nyumba, na mtoto aliyelelewa vizuri hamwulizi mwenye nyumba yeye ni nani.

"Basi inuka ukazione huduma," alisema mzee.

Kwenye dirisha la tiketi kuku alikuwa ameatamia mayai. "Huyu ana haraka kuliko karani aliyekuwapo, na hatukani watu." Saa ya ukutani ilikuwa imesimama. "Tangu isimame haijachelewa hata mara moja." Katika chumba cha daraja la kwanza palikuwa na benchi lililong'arishwa, blanketi lililokunjwa vizuri, na chini yake sanduku la bati. "Hapa walikaa wanunuzi wa kakao na suti zao. Sasa nalala mimi, na mwili wangu huu wa daraja la tatu."

Akamsimulia enzi zile. Treni ikipiga honi, mji mzima unakimbia na masufuria ya samaki vichwani. Siku moja chifu mwenyewe alilikimbilia behewa mpaka ndara zikamtoka, akakanyaga ardhi kwa miguu mitupu, jambo lililo mwiko kwa chifu, na wazee wakakaa kikao kuamua kama bado ni chifu.

Ng'ambo ya reli, mama mmoja aliyekuwa akikaanga ndizi alipaza sauti, akimwita baba kwa lugha ya pale: "Egya Bentil! Treni yako imefika wapi leo?"

"Inavaa viatu!"

"Na mwaka jana ilikuwa inavaa viatu!"

"Ina magurudumu mengi, mama! Mvumilie mwenzio!"

Araba alicheka mpaka akashika nguzo. "Mzee, usinisifie mno mahali hapa. Mimi ni mwepesi wa kuamini. Niliwahi kuuziwa friji, nikafika nayo nyumbani, kumbe ndani haina mashine. Nikaigeuza kabati la viatu."

"Na aliyekuuzia?"

"Nikaolewa naye."

"Afadhali wewe ulipata kabati," alisema mzee. Kisha sauti yake ikashuka. "Mwanangu, usiifunge. Siku natoka nyumbani kuja hapa walinichinjia kondoo. Watu walicheza ngoma. Mama mkwe wangu, aliyeniita mzigo tangu siku ya posa, alilia mbele za watu. Stesheni ikifungwa nitarudi kwao na uso gani?"

Araba aliitazama kengele iliyosuguliwa ikang'aa, na majani yaliyofyekwa pande zote. Kule makao makuu kulikuwa na wakubwa wasioweza hata kufuta meza zao wenyewe, na huku mzee huyu, peke yake, hajaliacha lindo.

"Haifungwi," alisema. "Nitasimama mbele yao wote niseme, hata kama nami watanifungasha virago. Na nitahakikisha unaletewa sare mpya, Bwana Mkuu wa Stesheni."

Mzee Bentil aligeuka kutazama nani amesimama nyuma yake. Hapakuwa na mtu.

"Mkuu?" alisema. "Yule alichoka kungoja, akapanda basi." Akatia mkono katika mfuko wa shati, akatoa kipande cha karatasi ngumu kilichofifia, akakipangusa vumbi kwa kidole. "Mimi tiketi yangu bado haijatobolewa."